Nafasi ya Uzamivu: Ni Masomo au Ni Kazi?

1. Utangulizi

Miongoni mwa maandishi yanayopita mezani petu kila mwaka yamo matangazo yanayowaita wenye shahada ya pili katika sayansi na uhandisi waende kufanya utafiti wa miaka mitatu au minne, ili mwishowe watunukiwe shahada ya tatu. Mengi hutoka katika vyuo vikuu vya Ulaya, na mengine hutoka katika vyuo vya hapa kwetu. Wanaoyatafsiri ni maofisa wa wizara, walimu wa vyuo, na mara nyingine waombaji wenyewe. Takriban wote huanza tafsiri zao kwa maneno yale yale: nafasi za masomo ya uzamivu.

Kwa upande wa sarufi maneno hayo hayana kosa. Kosa lake ni kwamba yanakata shauri ambalo mfasiri hakupewa madaraka ya kulikata. Asili ya Kiingereza husema tu kwamba kuna nafasi, na nafasi yenyewe mahali pengi ni kazi ya kuajiriwa. Mfasiri anapotia neno masomo huwa amemwambia msomaji kwamba anayeitwa ni mwanafunzi, ilhali huenda anayeitwa ni mfanyakazi. Shabaha ya makala haya ni kulihakiki zoea hilo, kuonyesha hasara yake, na kupendekeza njia ya kuliacha.

2. Kisa kilichotuzindua

Miaka michache iliyopita ililetwa kwetu, ili ihakikiwe, tafsiri ya barua ya mhandisi mmoja wa maji, mtumishi wa umma. Hatutamtaja yeye, wala ofisi yake, wala chuo kilichomwita. Barua ya asili ilikuwa wazi: mkataba wa miaka minne, mshahara wa kila mwezi utakaokatwa kodi, na likizo ya mwaka. Mfasiri aliandika kwamba mhandisi amepata ufadhili wa masomo. Mshahara aliuita posho ya kujikimu, na likizo ya mwaka akaiita mapumziko ya chuo.

Kila neno likitazamwa peke yake laonekana halina madhara. Yalipowekwa pamoja, ofisi yake ilisoma habari za mwanafunzi, ikampa ruhusa ya masomo na kuendelea kumlipa mshahara wake wa nyumbani. Katika mwaka wa tatu wakaguzi wakauliza: je, mtumishi huyu yuko masomoni, au ameajiriwa kwingine? Ndipo faili likaletwa Barazani. Hatukuulizwa haki iko upande gani. Tuliulizwa jambo moja tu, yaani neno fulani katika mstari fulani lina maana gani. Tulijibu kwa neno moja: mshahara.

Jibu letu lilikuwa sahihi, na kwa jibu hilo mhandisi aliamriwa kurejesha fedha alizolipwa. Hakuwa ameficha lolote, kwani barua ya asili aliiambatisha tangu siku ya kwanza. Lakini ofisi ilisoma Kiswahili, kama ilivyostahili kusoma, na Kiswahili hicho kilikuwa kimesema jambo jingine. Tangu siku ile mwandishi wa makala haya hawezi tena kuyaona maneno "nafasi za masomo" akayapita kama mtu apitaye mti wa njiani.

3. Uzamili na uzamivu

Kabla ya kufika kwenye neno nafasi, inafaa tuyatazame majina ya shahada zenyewe. Uzamili na uzamivu ni istilahi zilizokwisha kukubalika, wala hatukusudii kuzing'oa. Hata hivyo ni vema mfasiri ajue zimesimama juu ya msingi gani.

Uzamivu watokana na kitenzi zama, kwa njia ya zamia. Kama tulia ilivyotoa tulivu, sikia ikatoa sikivu, na vumilia ikatoa vumilivu, ndivyo zamia inavyotoa zamivu, na kwa hiyo uzamivu. Picha iliyomo ni ya mzamiaji ashukaye chini ya maji kutafuta kilicho kilindini. Ni picha njema kwa kazi ya mtu akaaye miaka minne juu ya swali moja. Wenzetu wengi wa Kenya huandika uzamifu, nao hawakosi mfano wa kuutegemea, maana angalia hutoa angalifu na danganya hutoa danganyifu. Sisi twaona umbo la v laafikiana zaidi na vitenzi vya jamii ya tulia na sikia. Lakini tofauti hii haimpotezi msomaji, na haifai kutupotezea muda.

Uzamili ndilo neno lenye mashaka makubwa zaidi. Kiarabu kina neno zamili, yaani mwenzi wa kazi au wa masomo. Sikio la Mswahili asiyejua Kiarabu halisikii uwenzi huo. Husikia mwangwi wa zama tu. Kwa sababu hiyo maneno mawili yenye asili mbalimbali yameonekana kama ndugu wa tumbo moja, na walimu wanajua jinsi wanafunzi wanavyoyabadilisha.

Zaidi ya hayo, neno hili limetwikwa mizigo miwili. Katika shahada ya uzamili lina maana ya ngazi moja maalumu, ile ya pili. Katika stashahada ya uzamili lina maana ya masomo yoyote yanayofuata shahada ya kwanza, na hivyo ndivyo linavyotumika pia pale idara ya chuo inaposema "masomo ya uzamili" na kuwajumuisha hata wanaotafuta shahada ya tatu. Sasa tangazo linapowaita "wahitimu wa uzamili", linamwita nani? Mwalimu mwenye stashahada ya uzamili ya ualimu wa sayansi ana haki ya kudhani kwamba ameitwa. Atatafuta nakala za vyeti, atalipia usafirishaji wa barua, na atakataliwa katika mchujo wa kwanza kabisa. Kosa halitakuwa lake. Dawa yake ni nyepesi: tuandike mwenye shahada ya uzamili, wala tusilifupishe.

Liko pia jina la zamani, udaktari wa falsafa, ambalo baadhi ya wafasiri hulitia kila mahali. Jina hili ni sahihi pale tu cheti kinapolisema. Ujerumani, kwa mfano, mhandisi aliyemaliza utafiti wake aghalabu hutunukiwa udaktari wa uhandisi, shahada yenye jina lake yenyewe na kifupisho chake, Dr.-Ing. Mfasiri anayeugeuza kuwa udaktari wa falsafa anabadili cheti cha mtu.

4. Neno nafasi na sura zake

Nafasi ni neno karimu mno katika lugha yetu. Asiye na wakati husema hana nafasi. Chumba kikubwa kina nafasi. Mwanariadha hushika nafasi ya kwanza, na kiongozi hushika nafasi ya juu. Neno linalokaribisha wageni wengi namna hii halina budi kufuatwa na jina jingine la kulifunga, na jina hilo ndilo linalobeba maana yote. Ndiyo sababu mfasiri huona lazima aongeze kitu. Yafaa basi aongeze kilicho kweli, na kilicho kweli hubadilika kutoka nchi hadi nchi.

Uholanzi, mtafiti wa ngazi hii kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo kikuu kwa muda wa miaka minne, naye hulipwa kwa viwango vya mapatano ya kazi ya vyuo vikuu. Sweden, aliyeajiriwa katika nafasi ya aina hii hupokea mshahara na halipi ada. Masomo yake huhesabiwa kuwa ya miaka minne ya muda wote, na kazi nyingine za idara, kama vile kufundisha, haziruhusiwi kuzidi asilimia 20 ya muda wake.

Norway yatupa funzo jingine. Huko mtu huyu huitwa stipendiat. Mfasiri mwenye haraka, akiona umbo la neno, atamwita mfadhiliwa, na atakosea. Stipendiat ni mwajiriwa wa chuo, mwenye mshahara, kwa miaka mitatu, au minne iwapo robo ya muda wake amewekewa kazi za chuo. Jina limebaki la zamani, hali imebadilika. Hapa tunakumbushwa kwamba mfasiri wa istilahi anatafsiri dhana, wala si umbo la neno.

Ujerumani nako kuna mtego wa hesabu. Tangazo husema kwamba nafasi ni ya asilimia 50, 65 au 75, katika daraja la 13 la mishahara ya utumishi wa umma. Tumeona tafsiri isemayo kwamba mtafiti "atafanya kazi kwa asilimia 65", na msomaji akafahamu kwamba siku mbili kila juma atakuwa huru. Asilimia hiyo ni ya muda wa ajira unaolipiwa, na kwa hiyo ni ya mshahara. Tasnifu haipimwi kwa asilimia, na wengi hukaa maabara kama watu wenye ajira kamili. Katika uhandisi ajira kamili ni jambo la kawaida zaidi. Tafsiri inayofaa ni: "mshahara wa asilimia 65 ya ajira kamili".

Tukivuka kwenda Uingereza, mambo hugeuka. Huko mtafiti wa ngazi hii kwa kawaida ni mwanafunzi. Akifadhiliwa, hulipiwa ada na kupewa posho isiyokatwa kodi ya mapato, tena huweza kupokewa akiwa na shahada ya kwanza tu yenye daraja zuri. Marekani nako wengi huingia moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza, hulipwa kwa kusaidia kufundisha au kusaidia utafiti, na huendelea kuitwa wanafunzi. Katika nchi hizi, kusema nafasi ya masomo ni kusema kweli.

Hata ndani ya Ulaya yenyewe mitazamo hii miwili imekuwa ikikaa nyumba moja. Mwaka 2003 mawaziri wa elimu waliokutana Berlin, katika mwendo ulioanzishwa Bologna mwaka 1999, waliutaja uzamivu kuwa ngazi ya tatu ya elimu ya juu. Mwaka 2005 Tume ya Ulaya ikatoa Mkataba wa Watafiti, ikitaka mtafiti atambuliwe kuwa mtu wa taaluma yake tangu mwanzo wa kazi, yaani tangu ngazi hii hii. Kwa azimio la kwanza huyu yuko masomoni. Kwa la pili yuko kazini. Yote mawili ni kweli, na kwa sababu hiyo mfasiri hawezi kuchagua moja kwa mazoea.

5. Hali ya hapa nyumbani

Msomaji aweza kusema kwamba hayo ni ya Ulaya, na sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu, kwa sababu kwetu mtu huyu aghalabu huwa na sura mbili kwa wakati mmoja. Katika vyuo vikuu vyetu mwenye shahada ya uzamili huajiriwa kuwa Mhadhiri Msaidizi, na ili apande kuwa Mhadhiri hutakiwa apate uzamivu. Kwa hiyo ni mtumishi wa chuo kimoja na mwanafunzi wa chuo kingine, au hata wa chuo kile kile. Asubuhi anafundisha wahandisi wa mwaka wa pili. Jioni anangoja msimamizi wake asome sura ya tatu ya tasnifu.

Tangu miaka ya 1970 Sweden imeshirikiana na vyuo vya Tanzania katika utafiti, na watafiti wengi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipata uzamivu kwa mpango wa kugawa muda: miezi kadhaa katika maabara za Sweden, na miezi mingine nyumbani, kazini pao. Vyuoni mpango huu umezoeleka kwa jina la sandwichi. Neno hili laeleweka mezani penye chai, lakini katika waraka wa serikali halimwambii mhasibu chochote. Sisi tungeridhika na masomo ya kwenda na kurudi, maneno yanayojieleza yenyewe. Katika mpango huo mtafiti hubaki na ajira yake ya nyumbani, na anapokuwa ugenini hupata posho. Tazama basi jinsi hali yake ilivyo kinyume cha ile ya mhandisi wetu, ingawa wote wawili hukaa Sweden na wote wawili "wanasoma uzamivu".

Hapa nchini, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Arusha na iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, hufundisha ngazi za uzamili na uzamivu katika sayansi na uhandisi. Humo mtafiti huandikishwa kuwa mwanafunzi, na anayebahatika hufadhiliwa na mradi. Tangazo la chuo kama hiki likitafsiriwa kwa istilahi ile ile inayotumiwa kwa tangazo la Uholanzi, msomaji hana njia ya kujua kwamba katika moja ataomba kuandikishwa, na katika jingine ataomba kazi na kufanyiwa usaili. Barua anayoandika anayeomba kuandikishwa si barua anayoandika anayeomba kazi. Wengi hukosa nafasi kwa kosa hili, wala hawaambiwi sababu.

6. Mtu mwenyewe aitweje?

Majina yanayoshindana ni matatu. Mwanafunzi wa uzamivu ni jina zuri pale alipoandikishwa chuoni, lakini halitoshi pale alipoajiriwa. Mtahiniwa wa uzamivu limebuniwa kwa kufuata umbo la Kiingereza, nalo hatulipendi, kwa kuwa kwa Mswahili mtahiniwa ni mtu aliyekalishwa katika chumba cha mtihani, naye huacha kuwa mtahiniwa kengele ikilia. Hatuwezi kumwita hivyo mtu kwa miaka minne. Wako waliopendekeza mtafiti mwanagenzi. Jina hilo lina ukweli ndani yake, maana huyu anajifunza kazi kwa kuitenda chini ya fundi. Lakini mwanagenzi hubeba dhana ya mtu aanzaye kabisa, na mwenye shahada mbili hawezi kuhesabiwa hivyo.

Sisi twaelekea kwenye mtafiti wa uzamivu. Jina hili lataja kazi anayoifanya na ngazi anayoitafuta, na halisemi lolote juu ya malipo yake. Liwe jina la jumla, kisha hali ya malipo ielezwe kwa maneno mengine. Aliyekwisha kupata uzamivu na anaendelea na utafiti wa muda maalumu aitwe mtafiti wa baada ya uzamivu, na maneno "wa baada ya" yasiachwe kamwe, kwani kuyaacha ni kumwita asiyestahili na kumfukuza anayestahili.

7. Mapendekezo

Kwa kuyatazama hayo, twapendekeza matumizi yafuatayo:

(a) mwenye shahada ya uzamili, pale tangazo linapotaka shahada ya pili. "Mhitimu wa uzamili" liepukwe.

(b) ajira ya utafiti wa uzamivu, pale penye mkataba wa kazi na mshahara.

(c) nafasi ya masomo ya uzamivu yenye ufadhili, pale mtu anapoandikishwa kuwa mwanafunzi na kulipiwa ada au kupewa posho.

(d) nafasi ya masomo ya uzamivu, bila nyongeza, pale mwanafunzi anapojilipia.

(e) mtafiti wa uzamivu, kwa mtu mwenyewe, katika hali zote tatu zilizotajwa.

(f) mshahara kwa malipo ya kazi, posho kwa fedha za kujikimu za mwanafunzi, na ufadhili kwa msaada wote kwa jumla. Maneno haya matatu yasibadilishane mahali.

Twajua yatakayosemwa. Litasemwa kwanza kwamba istilahi hizi ni ndefu, na istilahi nzuri ni fupi. Twakubali kwamba ni ndefu. Lakini katika waraka unaoamua ruhusa, mshahara na pensheni ya mtu, neno refu lisemalo kweli lashinda neno fupi lenye kupotosha. Ufupi utakuja wenyewe kwa matumizi, kama ulivyokuja kwa istilahi nyingine.

Litasemwa pili kwamba mfasiri hana ruhusa ya kuongeza yasiyomo katika asili. Hilo ni kweli kabisa, na hatumtaki aongeze. Twamtaka asome tangazo mpaka mwisho kabla ya kutafsiri kichwa chake. Habari ya mkataba, ya kodi na ya likizo karibu daima imo katika mistari ya chini, na mistari hiyo ndiyo inayoamua kichwa kitafsiriwe vipi. Pale ambapo tangazo zima halisemi, mfasiri naye asiseme: aandike "nafasi ya utafiti wa uzamivu" na kuishia hapo, ili msomaji ajue kwamba kuna swali la kuuliza.

8. Hitimisho

Kazi ya istilahi mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kuyapa majina mapya mambo ya kigeni. Mfano huu waonyesha kwamba kazi nyingine, iliyo ngumu zaidi, ni kuzuia maneno tuliyo nayo yasiseme zaidi ya yanavyojua. Masomo ni neno letu la siku zote, na hakuna aliyelidhania kuwa na hatari. Limemgharimu mtumishi mmoja mishahara ya miaka miwili na zaidi, na hatujui limewafungia wangapi mlango wa maabara kwa kuwafanya waombe kazi kama waombao darasa.

Mapendekezo haya si amri. Yatajadiliwa na kamati inayohusika kabla ya kusanifishwa. Walimu wa sayansi, wahandisi, maofisa utumishi na wafasiri wanaokutana na matangazo haya wanaombwa watuletee maoni yao, pamoja na mifano ya tafsiri walizoziona, nzuri na mbaya, majina ya watu yakiwa yamefutwa. Na mpaka hapo litakapotolewa neno la mwisho, mfasiri atakayepokea tangazo la uzamivu aanze kulisoma kutoka chini.